Maji ya Mama Mkwe

Mwanangu, umeniambia unataka kuhamisha bafu nyuma ya nyumba. Kaa kwanza. Nakumbuka nilivyohamisha la kwangu hapa kijijini Muheto, enzi za Wabelgiji, na mpaka leo najichukia nikikumbuka.

Mke wangu alikuwa amejifungua, na mama yake alikuja kumlea. Kwetu mkwe hakutani na mama mkwe akienda kuoga. Bafu letu lilikuwa njiani, karibu na migomba iliyokunywa maji yake. Nikalihamishia upande wa mlima, nikatoboa mianzi kwa chuma cha moto, nikaiunga iwe bomba. Kuizungusha hadi kwenye migomba kungepitisha maji ya mama mkwe uani, mbele ya macho yangu. Niliona aibu. Nikaifukia moja kwa moja hadi bondeni, nikajiona fundi kweli.

Jirani yangu, Papa Balume, alisimama akitazama.

"Kijana, hii maji iko inaenda wapi?"

"Kule chini, Papa. Hakuna mutu ataiona."

"Kule chini njo tunachota ya kunywa."

"Udongo utaimeza, Papa."

Nilimcheka mzee wa watu, mwanangu. Wala sikushuka kutazama bomba linaishia wapi.

Mvua za Machi zikaja. Mama mkwe alikuwa akifua humo bafuni vitambaa vya kinyesi vya mtoto, na maji yote yakateremka na mvua. Watoto wa bondeni wakaanza kuharisha. Feza, mjukuu wa Papa Balume, alikuwa na miaka mitatu. Aliharisha siku nne, akafa.

Siku ya maziko nilishuka kwenye chemchemi kuchota maji ya waombolezaji. Nikakuta povu la sabuni. Nilikwenda kumwambia Papa Balume mwenyewe. Hakunipiga. Alisema tu:

"Heshima ya mukwe wako, sisi njo tuliikunywa."

Kesho yake nilifukua bomba lote, nikalizungusha uani, mbele ya macho ya kila mtu. Feza hakurudi.

Basi, kabla hujachimba, shuka kwa miguu yako mpaka mahali tone la mwisho litakapofika. Shuka mvua ikinyesha. Uliza nani anachota pale, nani analima. Njia ikiwa ndefu, chimba ndefu. Aibu ya uani utaizoea. Mimi hii yangu sijaizoea. Nenda, Mungu aibariki mikono yako, na watoto wa walio chini yako wakuzike ukiwa mzee.