Waya wa Ofisi Mbili

Pwani ni mali ya wananchi wote, na hakuna atakayezuiwa kuitumia kwa shughuli halali. Ndivyo ilivyotamka halmashauri ya Porz-Gwenn mwaka 1974, kwa herufi nyeupe juu ya bati la buluu, na kibao kikakitwa matopeni kando ya ncha ya gati letu.

Wiki hiyohiyo walimwamuru Azenor Kerdraon aondoe waya zake hapo.

Azenor ni mchambuzi wa chaza aliyestaafu, na ana redio ya ridhaa, ya kuongea na watu wa mbali, yenye leseni. Mdogo wake, Goulven, anapika katika kituo cha utafiti huko kusini kabisa, kwenye visiwa visivyo na simu. Naye ana redio. Meli ya mwaka ingemfikia Jumatatu. Asipoipanda, ni mwaka mwingine tena. Telegramu ya kumsihi arudi ilikwisha kwenda, akajibu, "Tutaona." Azenor alitaka kumsema kwa mdomo wake mwenyewe.

Nyumbani kwake, nyuma ya kilima, redio inatoa mvumo mtupu. Gatini mambo ni mengine. Waya mmoja unapandishwa juu kwa ufito mrefu wa kuvulia. Nyingine nne zinateremshwa baharini, kwa sababu antena hiyo inataka ardhi chini yake, na kwa redio hakuna ardhi iliyo bora kama maji ya chumvi. Basi huongea maji yakijaa tu.

"Maji yakijaa, waya ziko baharini," alisema Bwana Quéméneur, katibu wa halmashauri. "Kaombe kibali bandarini."

Ofisa wa bandari alikuwa amepita asubuhi, maji yamekupwa. "Nimeziona zimelala kwenye matope, mama. Matope ni ya halmashauri."

"Kwa hiyo nabadilisha mwenye nyumba mara mbili kwa siku?"

"Mara nne, ukihesabu kujaa na kupwa."

"Nimeinama kwenye matope hayo tangu usichana, nikiwachambulia chaza wa kula Krismasi! Mbona hamkuniuliza ni ya nani?"

Jumamosi watu wa halmashauri walikuja kung'oa nguzo aliyokuwa akifungia ufito.

Jumapili ilikuwa bamvua, maji yamepanda hadi kwenye mawe ya juu. Azenor alitafuta mahali palipobaki pa kufungia, akaona mahali pamoja tu. Mimi, jirani yake, nikamshikia kamba, akaufunga ufito. Bwana Quéméneur, aliyekuwa akitoka kanisani na suti yake, alikuja mbio.

"Hicho ni kibao cha halmashauri!"

"Kisome, basi."

Akakisoma, midomo ikicheza. Azenor alikuwa amekwisha kuangusha waya majini na kuvaa visikizi, sauti ikivuja hadi kwangu.

"Dada! Nakusikia kama uko jikoni."

"Panda meli, punguani wewe. Mama anakuulizia kila asubuhi, na mimi nimechoka kumdanganya."

"Siagi ya chumvi ipo?"

"Ipo."

"Basi napanda."

Azenor alivua visikizi, akamwambia katibu kwamba sasa anaweza kuendelea kupiga kelele.

Baadaye niliulizia kibali cha kibao chenyewe. Halmashauri walisema kimesimama baharini. Bandarini walisema kimesimama kwenye matope.