Kompyuta ya Chumba cha Nje

Juzi binti yangu alinisogezea simu yake nione orodha ya vipande vya kompyuta ya kuchezea magemu, anayotaka kuiunda mwenyewe nyumbani. Fedha hazitoshi, lazima kimoja kipunguzwe. "Mama, nikate wapi?" Kabla hajamaliza kuuliza nilikwishamjibu: popote, ila si kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha mashine umeme. Akanitazama kwa mshangao. "Na weye umeyajulia wapi haya?"

Nimeyajulia mtaa wa Jadida, katika nyumba ya bibi, nilipokuwa na miaka kumi na minne.

Ulikuwa msimu mzuri wa karafuu. Uani majamvi yalitandazwa ukuta kwa ukuta, na harufu ikaingia hata katika shelisheli tulizokaangiwa. Mimi na kaka yangu tuliruhusiwa kuokota karafuu zilizoanguka chini ya mikarafuu, zikawa zetu. Jirani yetu, fundi redio, alikuwa na boksi la vipande vya kompyuta kuukuu kutoka Uarabuni, akakubali tumlipe kwa karafuu. Kaka alitaka gemu la mpira. Mimi nilitaka kujua kipi kinashikana na kipi. Kila alasiri nilikwenda kwa fundi, mkewe akichambua karafuu kando yetu, nami nikapanga na kupangua: memori tuipunguze, kasha tuliunde kwa mbao, ili kadi ya picha iwe nzuri. Mwisho fundi akatoa pawa saplai mbili, moja nzito, moja nyepesi.

"Bibie, umeme wa kuno una kichaa. Chukua nzito."

Karafuu zetu hazikutosha vyote; nzito ilimaanisha kuiacha kadi ya picha. Kaka akanikanyaga mguu. Nikachukua nyepesi.

Skrubu zote nilizifunga mimi. Kioo kilipowaka bibi alisema, "Mashallah, mwana huyu ana mikono." Kisha kaka akaibeba mashine hadi chumba cha nje, kile chenye mlango wa barabarani, wanamopokewa wageni wanaume. Vijana wa mtaa wakajaa. Nami nilikuwa nimekwishavunja ungo. Bibi akanizuia kizingitini. "Humo mna wana wa watu. Utacheza wakishaondoka."

Hawakuondoka. Walitoka kwenda kusali, wakarudi. Mimi nilichambua karafuu upande wa pili wa ukuta, vidole vikiwa vyeusi, nikisikiliza "Goli!" na matusi yao ya utani. Siku moja nilimwomba kaka anipe zamu, hata moja tu. Akacheka: "Na nani atakaefungwa na mwanamke? Tuletee chai, mwanakwetu." Nikaipeleka, nikaiweka mlangoni, nikabisha.

Alasiri moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Mashine ikanyamaza. Kaka akaileta uani mikononi kama mgonjwa. "Dada, hebu itazame mashine yako."

Siku hiyo mashine ikawa yangu. Niliifungua, nikanusa. Iliyoungua ilikuwa pawa saplai peke yake. Ile nzito ilikuwa bado kwa fundi, na karafuu zilikuwa bado zinaanguka. Nikajifuta mikono kwa kanga.

"Imekufa yote."

"Yote kweli?" bibi akauliza.

"Yote, bibi."

Waliniamini kiasi kwamba hakuna aliyekwenda kumwuliza fundi.

Vijana wakatawanyika. Kaka akawa hashindi tena nyumbani, na msimu uliofuata akaenda zake Uarabuni, akaoa huko, akabaki huko. Bibi aliimaliza miaka yake akinung'unika kwamba nyumba imepooza, heri zile kelele. Leo bibi hayupo, mikarafuu ile imekatwa, na nyumba ina watu nisiowajua. Nimesoma, nimefundisha watoto wa wenzangu kusema kweli, na kwa Mola nimetubu mengi.

Kwa kaka sijasema. Kila Idi yeye hunipigia simu, na baada ya salamu na dua hurudia lile lile: "Unajua, dada, ile mashine ingekuwa nzima, sidhani kama ningeondoka." Nami kila Idi humwambia sisikii vizuri, mtandao unasumbua.