Slipa za Mpira

Sisi tuliolelewa kwenye ploti za Tuwan, hapa Kitale, tulijua ladha ya stima kabla ya kujua maana yake. Betri ya redio tuliigusa kwa ncha ya ulimi kuona kama bado ina nguvu, kisha tukaianika juani. Watoto wa siku hizi, simu ikibaki asilimia kumi, wanapiga nduru.

Kwetu, waya wa stima ulipita juu ya mabati ya jikoni, ukachubuka. Mvua ikinyesha, hata waya wa kuanikia nguo, uliofungwa kwenye mabati hayo, ulirusha mtu. Mama alitukataza kuugusa.

Likizo moja alikuja Nafula, binti wa shangazi, kutoka Bumula, ambako walitumia koroboi. Sote tulikuwa na miaka tisa. Nilitaka ajue mimi ni mtu wa tauni, mtoto wa mjini. Nikaushika waya wa nguo, slipa za mpira miguuni. Sikuhisi kitu.

"Gusa bana. Ama watu wa Bumula ni waoga?"

"Ati mwoga? Mimi?"

Alikuwa peku, kwenye matope. Vidole vyake vilijikunja vikaukaza waya. Hakuweza kulia, alinitazama tu. Mama alikuja mbio na mpini mkavu wa jembe, akaupiga ule mkono hadi ukaachia.

"Nani alimwambia aguse?"

"Amegusa mwenyewe," nikasema.

Kesho yake Nafula alirudishwa kwao, kiganja kimeungua, akiitwa mtoto asiyesikia. Hakuja tena likizo.

Chuoni nilifundishwa kwamba stima hutafuta njia ya kufika ardhini, kwamba ngozi iliyolowa huipitisha kwa urahisi, na kwamba misuli hujikaza, mtu asiweze kuachilia. Darasa zima liliandika. Mimi nilikuwa nafuata njia yenyewe: kiganja, kifua, moyo, miguu. Mpira ulinifungia mimi njia hiyo. Tangu somo hilo huamka mara tatu kila usiku kuhakikisha nimechomoa chaja.

Desemba iliyopita stima ilifika kwa shangazi. Nilikwenda nimejipanga kusema ukweli. Viatu vyangu vililowa mvua, nikaviacha mlangoni. Nilipoinua mkono kuwasha taa, Nafula alinisukumia slipa zake kwa mguu.

"Vaa kwanza. Siku ile ya waya si ulikuwa na zako?"

Nikiwa na miaka tisa, uongo ulinitoka haraka. Sasa nina shahada, na nilisimama pale na slipa zake miguuni, nikitafuta pa kuanzia.