Somo la Watu wa Kilimani

Kabla ya kuja Muscat nilifundisha historia miaka minne katika sekondari moja ya Tanga. Katika nyumba ya mtaa wa Azaiba nilikopata kazi za ndani hawakulijua hilo, mpaka siku binti yao, aliyekuwa ameanza chuo kikuu, aliponikuta nimesimama mezani kwake na kitambaa cha vumbi mkononi, nasoma kitabu chake.

"Dada, unakielewa?"

Kilihusu Warumi wa mwanzo, kabla hawajawa na dola. Nikamwambia nakielewa, na kwamba nilikuwa mwalimu. Akanivutia kiti. Alitakiwa kulieleza somo lile mbele ya darasa na hakujua aanzie wapi.

Nikamweleza. Koo chache za mabwana zilishika baraza, ibada na sheria, na sheria yenyewe haikuandikwa popote, ilikaa vichwani mwao. Waliobaki walilima, na vita vikija wao ndio waliojaza safu. Wengi walirudi vitani wakakuta mashamba yameharibika, wakakopa kwa mabwana, wakashindwa kulipa, wakafungwa minyororo. Adui alipokaribia mji, walikataa kuandikishwa. Mabwana wakaahidi: piganeni kwanza, minyororo itafunguliwa. Wakapigana, wakashinda, wakarudi, na minyororo ikawa ile ile.

"Wakafanya nini?"

"Walitoka mjini wakaenda kukaa kilimani. Hawakurusha hata jiwe. Walikaa tu, mpaka mabwana wakaogopa, wakawakubalia wawe na watetezi wao, ambao ilikuwa mwiko kuwagusa."

Alipata alama za juu. Tangu hapo akaniita mwalimu, hata mbele ya mama yake, na mama akacheka: "Kumbe mie nna mwalimu jikoni." Nilifurahi kuliko nilivyopaswa.

Mama yule, mwenye asili ya Unguja, alikuwa na cheo serikalini, wala hakuwa mkali. Ila siku ya kupumzika tuliahidiwa kwa mdomo tu, mimi na mpishi, mwanamke wa Mombasa, na haikuwahi kufika. Mwanawe wa kiume alipokaribia kuoa, wageni wakaanza kuja kutoka Unguja, mama akatuita.

"Nivumilieni harusi hii, wanangu. Ikisha, kila Ijumaa yenu."

Tulivumilia wiki mbili. Wageni wakaondoka. Ijumaa ya kwanza kukawa na chakula cha mchana cha wakwe. Ya pili, mazulia yalitakiwa kufuliwa. Ya tatu mimi na mpishi tulivaa nguo zetu za kutokea, tukaenda kukaa nje ya geti, kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Jikoni hakukuwashwa jiko.

Mama akatoka. "Mna nini nyie?"

"Tunakumbushia ahadi, mama," nikasema.

Hakupaza sauti. "Nani kakutieni maneno haya?"

Mpishi akaangalia miguu yake, asinitaje. Ndipo binti akatokea mlangoni, nami nikashusha pumzi. Niliona mtetezi wetu amefika.

"Ni yeye," akasema, akininyooshea kidole. "Alinihadithia zamani, watu kugoma, mabwana kuogopa. Alikuwa anayapanga tangu hapo."

"Si somo hilo ulilieleza wewe mwenyewe darasani?" nikamuuliza.

"Ile ilikuwa historia," akasema, akarudi ndani kwenye kiyoyozi.

Mpishi alipewa Ijumaa zake. Mimi nilirudishwa kwa wakala wa ajira wiki ile ile, na nguo zangu nilizikuta zimeshafungwa na mikono mingine. Sasa niko Khuwair ya Kusini, namhudumia bibi mmoja mgonjwa. Nyumba ni tulivu, na siku yangu ya kupumzika imeandikwa kwenye mkataba. Nilikataa kutia sahihi kabla sijaiona. Mpishi huja kunitembelea na mahamri. Yeye ndiye aliyekataa kunitaja siku ile; yule msichana hatumzungumzi.

Mwezi uliopita msichana alinitumia ujumbe wa sauti. Sauti ilikuwa changamfu, kama vile tuliagana jana. "Mwalimu, tuna mtihani. Wale watu wa chini, kwa nini baadaye walidai sheria ziandikwe kwenye vibao vya shaba, ziwekwe hadharani?"

Nilikaa na simu mapajani mpaka bibi akaamka. Nikampa dawa, nikamgeuza ubavu. Halafu nikamjibu binti kwa urefu, hoja kwa hoja, kwa sababu swali lilikuwa zuri na jibu nilikuwa nalo. Akanirudishia picha ya ua la waridi.