Kuku wa Mzee Were Kwenye Simu ya Mwalimu

Mwalimu Phanuel alilelewa mtaa wa Amalemba, mjini Kakamega, ambako kuku alimjua zaidi akiwa kwenye sufuria. Labda ndiyo sababu hakuona ubaya kuwatuma wanafunzi wake wakahesabu kuku wa watu.

Alikuwa amepata kazi ya kufundisha hisabati katika shule moja ya upili huko Khwisero. Shule haikuwa na kompyuta, kwa hivyo alianzisha chama cha sayansi ya data kwa simu ambazo wanafunzi waliazima kwa wazazi kila Jumamosi. Walipita boma kwa boma, wakauliza idadi ya kuku, wakaiingiza kwenye simu, na majibu yote yakafika kwenye simu ya mwalimu. Ikatoka michoro ya kupendeza. Phanuel aliibandika ukutani, akatangaza kwamba itapelekwa kwenye maonyesho ya shule mjini.

Kisha banda la Mzee Were likavunjwa, kuku wote wakaenda.

Tangu hapo, Phanuel akiingia kibanda cha chai, mazungumzo yalikatika. Salamu zake ziliitikiwa nusunusu. Watu walinong'ona kwamba mwalimu wa mjini ndiye anayejua boma lipi lina nini. Mama Nasambu, nyanya wa mwanafunzi hodari aitwaye Maurine, aliifungia simu yake sandukuni. Hatimaye mwalimu mkuu aliita kikao, akamwambia Phanuel waziwazi kwamba wazazi wakikataa, chama kitafungwa na yeye atafute shule nyingine.

Kikaoni, Mzee Were alieleza kwamba amepoteza kuku zaidi ya ishirini, mbali na majogoo. Hakumtaja mtu, ila macho yake hayakumwacha Phanuel.

Mama Nasambu akainuka. "Mwalimu, fungua hiyo simu. Soma kuku wa Were."

Phanuel alifungua, akatazama, akasita. Alichokiona kilimwokoa na kumwaibisha kwa pamoja.

"Watatu," alisema.

Mtu fulani nyuma akauliza, "Mzee, hao watatu walizaliana wakiwa kwa gunia la mwizi?"

Kicheko kilipotulia, Were alikohoa. "Mimi siambiangi mtu kuku zangu. Hata mke wangu simwambiangi."

Wakamtaka Phanuel asome boma jingine, na jingine. Watatu. Wanne. Watatu. Wenye mabanda makubwa ndio waliokuwa na idadi ndogo zaidi, nao walitazama chini. Mwizi aliyeitegemea simu ile angelala njaa. Huku mtu hahesabu kuku wala watoto wake mbele ya mgeni, na wanafunzi walilijua hilo vizuri. Hata Maurine, anayewalisha kuku wa nyanya yake kila asubuhi, alikuwa ameandika wawili.

Hakuna aliyemwomba Phanuel msamaha, lakini hakuna aliyetaja tena kufunga chama. Alirudi darasani, akaibandua michoro ukutani mmoja mmoja.

Jumamosi iliyofuata, Mama Nasambu alikuja mwenyewe na simu yake.

"Uliza mvua," alimwambia. "Mvua si ya mtu."

Sasa wanafunzi wanapima mvua kwa mikebe na kuipiga picha. Kwa Mama Nasambu mkebe uko uani, na Maurine akiinua simu, nyanya yake husogea taratibu, akasimama kati ya simu na banda la kuku.