Barua Niliyomwandikia Mzee Mori

Ipo siku moja nisiyoisahau, mwanangu: siku ambayo mzee jirani alisimama mlangoni kwangu, akavua kofia, akaniuliza swali nisilokuwa na jibu lake. Ilikuwa Japani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, hodari wa kusema na mvivu wa kusikiliza.

Nimeikumbuka tangu Jumapili, ulipokuja kutoka Selly Oak kuniaga. Nilikuuliza umejiandaa vipi kwenda kufundisha Kiingereza huko, ukanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yenu mliozaliwa Birmingham, kwamba nisiwe na wasiwasi, simu yako inatafsiri kila kitu. Mabango, barua, hata maandishi ya pakiti ya mchele. Sikubishana nawe. Mama yako, mdogo wangu, alikuwa ananitazama kwa jicho la kunisihi nisianze mahubiri. Sasa niko peke yangu na kalamu, hakuna wa kunikata kauli. Soma polepole. Najua Kiswahili unakielewa kuliko unavyokiri.

Sisi tulikuja mji huu tukiwa watoto, nyanya yako alipopata kazi ya uuguzi. Tulikaa Lozells, kwenye nyumba zile zinazoegemeana ukuta kwa ukuta. Nyanya yako hakuwa na haya hata chembe. Alimuuliza kila mtu kila kitu. Alimsimamisha Kalasinga mwenye duka la mboga kumuuliza basi la kwenda hospitali. Alimgongea mama wa Kijamaika wa nyumba ya pili, barua mkononi, amsomee serikali inataka nini. Kiingereza chake kilikuwa na Kakamega yote ndani yake, na mimi, msichana wa miaka kumi, nilikuwa natembea hatua ishirini mbele ili watu wasijue tuko pamoja. Nilijiapiza kwamba nikikua sitamuuliza mtu kitu. Nitajua, au nitajifanya najua.

Basi nikakua, nikasoma, nikapata pasipoti ya Uingereza, na kazi ya kufundisha katika mji mdogo wa Japani, wenye mashamba ya mpunga mpaka nyuma ya shule. Mwalimu mwenzangu, Bi Tanabe, ndiye aliyenipokea na kunionyesha nyumba yangu. Siku hiyo hiyo alinieleza habari ya ubao wa mtaa. Si ubao wa ukutani. Ni ubao mdogo wa kushikwa mkononi, wenye kibanio cha karatasi. Matangazo ya mtaa hubanwa pale, nao hupita nyumba hadi nyumba. Unasoma, unatia alama kwenye jina lako, unampelekea jirani anayefuata. Aliyefuata baada yangu alikuwa Mzee Ogawa.

Nilikaa mwaka mzima na nusu nikitia alama bila kusoma. Herufi zao sikuzijua, na wa kumuuliza nilikuwa naye, ila nilishajiapiza. Nilijiambia nimeletwa kufundisha lugha yangu, si kujifunza yao. Kila Ijumaa nilipanda treni kwenda mji mkubwa, ambako Waingereza wenzangu walikuwa wanakutana. Tulikula maharagwe ya kopo juu ya mkate, tukanywa chai ya maziwa, na tukawasema wenyeji wetu. Nyumba zao zina baridi. Takataka zao zina ratiba kali kuliko ya treni. Tulicheka sana. Wakati huo huo, Jumapili moja ya kila mwezi mtaa mzima ulitoka kung'oa magugu, na mimi sikuwapo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nilipewa, nikalikimbia. Magugu ya mbele ya mlango wangu aliyang'oa Mzee Ogawa, na kila asubuhi alinisalimu, nami nikampungia mkono nikipita mbio.

Sasa ikawa Ijumaa moja nikaukuta ubao umewekwa mlangoni. Nilikuwa nachelewa treni. Nikauweka juu ya kabati la viatu, nikatupia koti juu yake. Siku ziligeuka tisa kabla sijaliinua lile koti. Nilitia alama upesi, nikauacha kizingitini kwa Mzee Ogawa, wala sikubisha hodi.

Kesho yake jioni alikuja na Bi Tanabe, ili amtafsirie. Alivua kofia. Nilimkaribisha ndani, akakataa kwa upole.

"Anauliza," Bi Tanabe alisema, macho yake chini, "kama ubao ulikuwa hapa siku hizi zote."

Nikasema ndiyo, nilisahau, samahani, lakini pia zile herufi sizijui.

Hapo ndipo Bi Tanabe akanieleza kilichokuwa kwenye karatasi ile. Upande wa pili wa mtaa aliishi Mzee Mori, rafiki wa Mzee Ogawa tangu utoto. Miaka sita nyuma waligombana juu ya mfereji wa maji ya shamba, na tangu hapo hawakusemezana. Mke wa Mzee Mori alikuwa amefariki, na binti yake akawa anakuja kumchukua akaishi naye kaskazini, mbali sana. Yule mzee, kwa kuwa haya ilimzuia kwenda mwenyewe mlangoni kwa mwenzake, aliandika kwa mkono wake kwenye karatasi ya mtaa: Jumapili nitaaga watu kwenye ukumbi wetu. Kama yuko niliyemkosea, ningependa kumwona kabla sijaondoka.

Jumapili hiyo, ubao ukiwa bado kwangu, watu walikwenda. Kila mmoja aliona kiti cha Mzee Ogawa kitupu, na kila mmoja alidhani amesoma akakataa. Hakuna aliyethubutu kumtajia. Mzee Mori aliondoka Jumatatu, akiamini hajasamehewa.

Mzee Ogawa hakupandisha sauti. Alisema polepole, na Bi Tanabe akatafsiri polepole vile vile.

"Kutojua kusoma si kosa. Mimi sijui hata neno moja la lugha yako. Lakini nyumba yangu iko hatua kumi kutoka hapa, na kila asubuhi nakusalimu. Kwa nini hukuuliza?"

Mwanangu, nimeshapigwa viboko shuleni Kakamega, nimeshatukanwa barabarani hapa Birmingham kwa rangi yangu. Hakuna kilichoniingia kama swali lile. Mzee Ogawa akavaa kofia, akaenda zake.

Majuto ni mjukuu, lakini si lazima umlee mjukuu huyo milele. Usingizi ulikuwa haba, na asubuhi nilikuwa langoni kwa Mzee Ogawa na maneno matatu ya Kijapani niliyoyakariri: samahani, sijui, nifundishe. Akanivutia kigoda kibarazani, akaniandikia herufi ya kwanza kwa kidole, juu ya vumbi la meza.

Nilimwambia kupitia Bi Tanabe kwamba nataka kumwandikia Mzee Mori. Si yeye aandike, niandike mimi. Anwani niliipata kwa mwenyekiti wa mtaa, na hiyo pia nililazimika kuiomba. Barua ile ya ukurasa mmoja ilinichukua majuma matatu. Kila jioni baada ya shule nilikaa kibarazani pale, na mzee alinirekebisha mikunjo ya herufi, lakini neno lake hata moja hakulitia.

"Barua ni yako," alisema. "Makosa ni yako, na mkono uwe wako."

Niliandika hivi, kwa herufi za mtoto wa darasa la kwanza: Mzee Mori, mimi ni mgeni wa nyumba ya kona. Ubao ulikwama kwangu siku tisa. Mzee Ogawa hakuiona karatasi yako. Kosa ni langu. Nisamehe. Nikatia sahihi.

Mwezi ukapita kimya. Nilishaanza kufikiri mzee wa watu amekufa na uchungu wake. Kisha ikaja bahasha nene. Ndani yake mlikuwa na karatasi mbili, moja yangu, na nyingine imekunjwa ndogo, jina la Mzee Ogawa juu yake. Yangu ilikuwa fupi: Asante. Herufi yako ya tatu imepinda, lakini nimekuelewa. Nilimpelekea mzee yake. Aliisoma amesimama langoni, kisha akanipa mgongo, akaenda kumwagilia maua yaliyokwisha kumwagiliwa.

Likizo ya majira ya kuchipua tulisafiri, mimi na yeye, maana hakuwahi kwenda mbali hivyo na alihofia kupotea kwenye stesheni kubwa. Treni ilituchukua siku nzima. Mahali ambapo hata yeye hakujua pa kubadilisha, mimi ndiye niliyewauliza watu, kwa Kijapani changu cha kuchechemea, nao walituonyesha. Mara moja mwanamke mmoja alitushika mikono akatufikisha mpaka jukwaa lenyewe.

Mzee Mori alikuwa anatungoja nje ya stesheni na binti yake. Wale wazee wawili wakainamiana, kama ada yao ilivyo, wakakaa vile vile wameinama, kila mmoja hataki kuwa wa kwanza kuinuka. Binti na mimi tukatazamana. Mwishowe Mzee Mori ndiye aliyejinyoosha, akishika kiuno.

"Umezeeka," alisema.

"Na mfereji wako bado unavuja," akajibu Mzee Ogawa.

Wakacheka mpaka wakafuta macho. Siku tatu tulizokaa kule hawakuzungumza jambo kubwa hata moja. Walikunywa chai na kubishana juu ya majina ya watu waliosoma nao. Baada ya hapo waliandikiana kila mwezi, mpaka macho ya Mzee Ogawa yalipofifia. Barua za mwisho mwisho nilimsomea mimi.

Nilikaa Japani miaka minne zaidi. Nilikuwa nimekwenda kwa miwili. Nilipigwa na jua la kung'oa magugu, nikaalikwa kwenye harusi, nikafundishwa kutia kabichi chumvi iwe akiba ya majira ya baridi. Na wanafunzi wangu walianza kunipenda, nadhani kwa sababu walinisikia nikikosea lugha yao bila aibu, nao wakapata ujasiri wa kukosea yangu.

Niliporudi, nyumbani kwa nyanya yako pale Lozells, nilimsimulia yote haya tukimenya viazi. Nilimwomba msamaha kwa zile hatua ishirini. Nilidhani hakuwa amenigundua.

"Nilikuwa nakuona," alisema, bila kuinua macho kwenye viazi. "Mtoto akitangulia mbele, mama haachi kumwangalia. Nilijua siku moja utasimama kunisubiri."

Haya basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kupita mlango wa anayejua ukajifungia ndani na usilolijua. Simu yako ibebe, ina faida yake, lakini simu haitakuonyesha uso wa mtu akifurahi kwamba umemhitaji. Watu wengi hawatamani zawadi zako. Wanatamani kuombwa kidogo walicho nacho. Usiende kila mwisho wa juma kwa wenzako wa Uingereza kuwasema waliokupa mahali pa kulala. Wapende wenzako, lakini kwanza mjue jirani yako kwa jina. Akishika jembe, shika lako. Na utakapokosea, maana utakosea, usitume mtu akakuombee radhi. Nenda mwenyewe, hata kwa lugha mbovu. Kosa linalokiriwa mapema bado lina njia ya kurudi nyumbani.

Na kama utamkuta huku kwetu, hata kabla hujaondoka, mama fulani amesimama na karatasi mkononi asijue aingie mlango upi, simama naye. Usitangulie mbele.

Mungu akufungulie njia, akuvushe salama na mizigo yako yote. Akupe majirani wenye subira na wewe moyo mnyenyekevu. Chakula cha ugenini kikukubali, baridi yake isikudhuru, na ulimi wako usione haya kusema sijui. Popote utakapolala, asubuhi pawe na mtu anayekusalimu, nawe usimame kumjibu. Amina.