Bobbie Yurkovich na Wazima Moto Wasio na Chama

Kaunti yetu ina vyama viwili kwenye makaratasi na kimoja tu barabarani. Ukishinda mchujo wa chama hicho mwezi wa Mei, Novemba unakwenda kukalia kiti chako tu. Ndiyo maana Bobbie Yurkovich, ambaye sijawahi kumsikia akikisema vizuri chama hicho, aligombea ndani yake. Hakuwa na mlango mwingine.

Bobbie alikuwa dereva wa ambulensi ya mji wetu, huku kwenye vilima vya makaa ya mawe vya Pennsylvania. Makamishna wa kaunti walipanga kuiondoa, tuwe tunasubiri gari kutoka ng'ambo ya mlima. Mlima ule ukishika barafu, hata mbwa haupandi. Bobbie akaona dawa ni kuingia yeye mwenyewe kwenye ukamishna. Akamwendea Walt Sadowski, mzee wa chama aliyetupangia wagombea tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Binti yangu," Walt akamwambia, "subiri zamu yako."

"Mzee Walt, na mwenye kiharusi asubiri zamu gani?"

Basi akajitosa. Ijumaa zote za Kwaresima alikuwa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa akipakua samaki na pierogi, vile viandazi vya viazi vya Kipolandi, na hakuna sahani iliyotoka bila maneno mawili ya ambulensi. Jeshi lake lilikuwa wazima moto wa kujitolea, mumewe Emil akiwa mmoja wao. Walimpigilia mabango, walimgongea milango, walimtetea baa mpaka wakafukuzwa. Jirani yake nikiwa mimi, nililishwa siasa asubuhi na jioni, na sikulalamika. Nilimpenda na bado nampenda.

Siku ya mchujo mvua ilinyesha. Sisi hupigia kura kwenye jumba la zimamoto. Mimi na Bobbie tulisimama nje, mbali kidogo na mlango kama sheria inavyotaka, kadi zake za kampeni zimelowa mikononi. Wazima moto wakaja kwa mpigo, Emil mbele kavaa shati la kanisani. Wakaingia.

"Hao weka mfukoni," nikamwambia Bobbie.

Wakatoka upesi mno. Emil alikuwa amevua kofia kwenye mvua.

"Wametunyima."

"Wamewanyima nini, Emil?"

"Kura, mke wangu. Wanasema mchujo ni wa wanachama. Sisi si wanachama."

Mimi na Bobbie tukaelewa kwa pamoja. Chama kilipotufungia shule, miaka kadhaa nyuma, ni Bobbie huyu huyu aliyewapeleka wazima moto wote makao ya kaunti wakafute majina yao chamani. Walirudi wakiimba. Yeye alijiandikisha upya majira ya baridi, kwa kuwa mgombea lazima awe mwanachama. Kuwarudisha wenzake hakukumjia akilini, wala wao hawakukumbuka. Na huku kwetu mtu haulizwi yuko chama gani, ni utovu wa adabu kama kumwuliza mshahara wake. Hata Emil, anayelala naye kitanda kimoja, Bobbie hakumwuliza.

"Mimi ndiye niliyewatoa," akasema.

"Tulitoka kwa miguu yetu," Emil akamjibu. "Usitubebe."

Walt alikuwa upande wa pili wa mlango na mwavuli wake, amesikia yote. Nilimngoja acheke nimtukane. Hakucheka. Alimletea Bobbie kahawa, na hilo nadhani lilimwumiza zaidi.

Bobbie alishindwa, na kura alizopungukiwa, wenyewe wangeenea kwenye gari moja la zimamoto.

Ambulensi iliondoka Oktoba. Bobbie alikataa mtu mwingine aiguse, akaiendesha mwenyewe kuvuka mlima kwenda kuikabidhi. Emil alifuata na pikapu ili amrudishe, na mimi nikadandia kiti cha nyuma. Wakati wa kurudi, Emil, badala ya kushika njia ya nyumbani, akasimama mbele ya makao ya kaunti. Pale ngazini nikawaona wazima moto wetu wote kwenye foleni, wamenuna kama watu waliopelekwa kung'oa meno.

"Hawa wanafanya nini hapa?" Bobbie akauliza.

"Wanarudi chamani."

"Chama kile? Baada ya shule? Baada ya leo?"

"Kile kile." Emil alizima injini. "Kinanitia kichefuchefu, Bobbie, usidhani. Mimi nilikwenda jana, nikatoka nikanawa mikono."

Bobbie akaanza kulia, kilio ambacho hakukilia mwezi wa Mei. Emil akampa leso yake chafu.

"Wewe lia," akamwambia, "lakini ugombee tena. Nisije nikawa nimejichafua bure."